Ukija Rhine, jua pantoni la mwisho linaondoka saa ngapi

Shangazi yangu aliposhuka kwenye treni pale Bingen, tukatembea hadi ukingoni mwa mto Rhine, swali lake la kwanza likawa: "Daraja liko wapi?"

"Hamna, shangazi."

"Hamna? Ujerumani hii?"

"Tunavuka kwa pantoni."

Akalitazama pantoni likija kutoka ng'ambo limebeba magari na waendesha baiskeli, akaguna. "Sisi hata Kigamboni tumeshajenga daraja, mwanangu."

Sikuwa na la kujibu. La Kigamboni lilifunguliwa 2016, na huku, kuanzia Mainz na Wiesbaden hadi unakaribia Koblenz, kilomita 80 na ushee za mto, hakuna daraja hata moja. Liliwahi kuwepo moja la reli kati ya Bingen na Rüdesheim. Machi 1945 jeshi la Ujerumani lilililipua lenyewe likirudi nyuma, na mabaki ya nguzo zake bado yanaonekana majini. La kujenga jingine karibu na St. Goar limejadiliwa miaka na miaka, na watu bado wanavuka kwa pantoni.

Naishi Mainz, huu mwaka wa sita, na kila mgeni anayekuja kutoka nyumbani namleta bonde hili. Wengi wanaokuja wenyewe huletwa na basi la watalii kutoka Frankfurt: saa mbili melini, picha ya mwamba wa Loreley, chakula Rüdesheim, wanarudi. Si vibaya, lakini hapo umepita mbele ya nyumba bila kupiga hodi. Ushauri wangu ni mmoja: vuka mto mara nyingi kadiri siku itakavyoruhusu. Kila ukivuka unaona mandhari ya upande uliotoka, na vijiji vya pande mbili havifanani hata kidogo.

Reli zipo pande zote mbili, na hilo ndilo linalorahisisha kila kitu. Upande wa kushoto, ukifuata maji yanakokwenda, treni inatoka Mainz, inapita Bingen, Bacharach, Oberwesel, St. Goar na Boppard hadi Koblenz. Upande wa kulia inatoka Wiesbaden, inapita Rüdesheim, Assmannshausen, Lorch, Kaub na St. Goarshausen. Katikati kuna mapantoni: Bingen kwenda Rüdesheim, Niederheimbach kwenda Lorch, la Kaub, la St. Goar, la Boppard. Panga siku yako kama mtu anayeshona, sindano huku, sindano kule. Bingen kuna stesheni mbili. Ukitaka pantoni shuka Bingen Stadt, sio Hauptbahnhof (stesheni kuu), la sivyo utatembea kilomita nzima na zaidi huku mgeni wako akikuuliza kama kweli unaijua njia.

Wanaoishi Ujerumani wana Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya treni za mikoa. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49 na tangu hapo imekuwa ikipanda. Mgeni naye anaweza kuinunua, ila inajirudia kila mwezi yenyewe, na kuikatisha lazima ufanye kufikia tarehe 10 ya mwezi huo. Pantoni usilitegemee kwenye tiketi hiyo. Beba euro za chenji, maana anayekata tiketi anakujia palepale ulipo na kijimkoba chake kiunoni.

Sasa nieleze kilichonikuta mwaka wangu wa kwanza, kwa sababu ndicho kilichonipa kichwa cha habari hapo juu.

Nilikuwa nimelala Bacharach, kwenye hosteli ya vijana iliyomo ndani ya ngome ya Stahleck juu ya kijiji. (Ndiyo, unaweza kulala ngomeni kwa bei ya hosteli. Weka nafasi mapema, na ujue kutoka stesheni hadi juu ni kupanda tu.) Mchana nilitembea ukingoni kilomita kama tatu, nikavuka kwenda Kaub. Pale Kaub katikati ya mto kuna Pfalzgrafenstein, ngome nyeupe iliyokaa juu ya mwamba kama meli iliyotia nanga. Ilijengwa kuanzia 1326 au 1327 kwa amri ya mfalme Ludwig wa Bavaria, kazi yake kutoza ushuru. Meli ikipita inalipa, isipolipa, haipiti. Kijiboti kinakupeleka hadi mlangoni, maji yakiruhusu. Oktoba 2018 maji yalishuka hadi kipimo cha Kaub kikasoma sentimita 25 (hicho si kina cha mto wote, njia ya meli ina zaidi), na watu wakafika ngomeni kwa miguu.

Basi nikatoka ngomeni nikaona ufagio umetundikwa juu ya lango la nyumba moja. Ufagio, au tawi, maana yake mkulima amefungua Straußwirtschaft: anauza mvinyo wake mwenyewe nyumbani kwake, miezi isiyozidi minne kwa mwaka, viti visivyozidi 40, na chakula chepesi. Niliingia nikakuta watu wazima wanne wanacheza karata. Wakanisogezea kiti, mmoja akanifundisha mchezo, mwingine akaniuliza nyumbani tunalima nini. Nikawaambia Dodoma tuna zabibu na tunavuna mara mbili kwa mwaka. Hawakuniamini. Mzee mmoja aliweka karata zake chini kabisa. "Mara mbili?" Yeye anavuna mara moja, na mwaka wa baridi mbaya anavuna mawazo.

Nilipotoka giza lilikuwa linaingia. Nikashuka gatini. Pantoni lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, na nahodha alikuwa anaondoka na baiskeli yake. Akanionyesha kibao chenye saa, akanipungia mkono, akaenda zake kula. Ng'ambo niliona taa za magari barabarani, umbali wa kutupa jiwe kwa kombeo. Mswaki wangu na chaja ya simu vilikuwa upande ule. Nikapanda treni ya upande wa kulia hadi Wiesbaden, nikabadilisha hadi Mainz, nikangoja, nikapanda ya upande wa kushoto hadi Bacharach. Saa tatu na zaidi kuvuka mto mmoja! Na lango la hosteli nililikuta karibu linafungwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuingia popote penye ufagio, piga picha kibao cha saa pale gatini. Jumapili na majira ya baridi saa hubadilika. Pantoni la kijiji silo Magogoni, halikeshi.

Turudi kwa shangazi. Yeye ni wa Matombo, Uluguru, mtu wa misa ya kila asubuhi, na divai aliijua ile ya padri tu. Rüdesheim nilimpitisha Drosselgasse haraka. Ni kichochoro cha mita 144, muziki kila mlango, umati, na bei za umati. Nilishawahi kulipa hapo euro kibao kwa soseji moja iliyochoka, sirudii. Tukapanda vigari vya kamba vinavyopita juu ya mashamba. Hapo ndipo aliponyamaza. Chini ya miguu yake mizabibu ilikuwa imepangwa mistari hadi mtoni, na mbele yetu mlima wote umekatwa matuta kwa kuta za mawe. "Haya matuta," akasema baadaye, "nani anayabomoa mvua ikinyesha, na nani anayajenga?" Swali la mtu aliyelima mlimani. Jibu ni kwamba wanayajenga wao kwa mikono, na wengi wamechoka. Kutoka Bingen kwenda chini, eneo linaloitwa Mittelrhein lina mizabibu chini ya hekta 500 sasa, na ukitazama vizuri utaona matuta mengi yameachiwa vichaka. Mteremko ni mkali, mashine haziingii; pengine wana kitoroli kinachopanda kwa reli moja, lakini zabibu unazichuma wewe na mkasi wako. Udongo wenyewe ni vipande vya mawe meusi bapa, jiwe lilelile la vibao vya kuandikia vya shule za zamani. Yanameza joto la mchana na kulitoa usiku, ndiyo maana zabibu ya Riesling inaiva huku kwenye baridi.

Juu kabisa kuna sanamu ya Germania, mwanamke mkubwa wa shaba anayewakilisha Ujerumani, ameshika taji, mnara wote mita 38. Kaiser Wilhelm wa Kwanza aliuzindua Septemba 1883. Nilimwambia shangazi kwamba mwaka na nusu baadaye, Februari 1885, Kaiser huyohuyo alitia sahihi hati ya ulinzi iliyoipa kampuni ya Carl Peters nchi za Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Ukami ndiko kwao. Akaitazama Germania muda mrefu. "Na yeye alikuja lini kutuuliza?" Tukashuka.

Ukiwa na mgeni Mkatoliki, usimnyime abasia ya Mtakatifu Hildegard, hapo juu ya Rüdesheim, katikati ya mashamba. Masista ni Wabenediktini, shirika ambalo Watanzania tunalijua kwa Peramiho na Ndanda, na wanalima zabibu na kuuza mvinyo wao dukani palepale. Hildegard mwenyewe alifariki 1179. Masalia yake yako kanisa la parokia ya Eibingen, mwendo mfupi chini, na 2012 Papa Benedikto wa 16 alimtangaza Mwalimu wa Kanisa. Shangazi alikaa kanisani hadi nikaanza kuhesabu treni. Dukani akaonjeshwa. Akaonja, akafumba jicho moja: "Ina ukali wa ndimu."

Kosa lilikuwa langu, na ndugu zangu wengi hulifanya. Chupa ikiandikwa *trocken*, hiyo haina utamu. Kama wewe ni mtu wa vitamu, omba *lieblich*. *Feinherb* iko katikati. Asiyetumia kilevi aombe *Traubensaft*, maji ya zabibu yenyewe, na aniamini, ya shamba dogo hayafanani na ya boksi la supamaketi. Katika nyumba ya ufagio hakuna atakayekutazama vibaya ukiagiza hiyo.

Septemba na Oktoba ndiyo miezi ninayoipenda, wakati wa mavuno. Hapo utakuta *Federweißer*, mvinyo mchanga ambao bado unachacha, rangi ya maziwa ya chai, unanywewa pamoja na keki ya vitunguu. Chupa yake haizibwi kabisa kwa sababu ikizibwa inalipuka. Mimi niliilaza kwenye begi la mgongoni pamoja na pasipoti. Hadi leo ile pasipoti ina harufu.

Loreley? Ni mwamba. Una mita 132, mto unabana hapo na kupinda, na mabaharia wengi walikufa kwenye mkondo wake. Ndipo ikazuka hadithi ya mwanamke anayechana nywele juu na kuwapumbaza. Melini wanapiga wimbo wake, watu wote wanakimbilia upande mmoja na simu, halafu wanaona jabali na handaki la treni. "Hata nguva hamna?" shangazi akauliza. Kama miguu inaruhusu, shuka St. Goarshausen upande njia ya ngazi. Uzuri uko ukiwa juu ya mwamba, ukitazama chini. Ukitaka meli, panda ile inayoelekea Koblenz kama muda ni mfupi, maana inasukumwa na maji. Inayopanda kwenda Bingen inachelewa sana, nzuri kwa anayetaka kukaa tu.

Ngome ziko kama 40, na baada ya ya tatu zote zinakuwa mawe. Chagua Marksburg pale Braubach, ambayo haikuwahi kubomolewa, basi. Na ukilala bondeni, usilipie chumba kinachotazama mto. Kinachotazama mto kinatazama na reli, na treni za mizigo hazilali, hasa upande wa kulia. Omba cha nyuma, hata kama dirisha lake linaangalia banda la kuku.

Jioni ile tulivuka kurudi Bingen, shangazi amekumbatia mfuko wa masista wenye chupa mbili za *lieblich*. Chupa kama hizo hazikuruhusiwa kwenye begi la mkononi uwanja wa ndege. Tulizifunga kwa kanga tatu, tukaziweka katikati ya sanduku kubwa, na zikafika Matombo salama. Moja alimpa paroko. Ya pili, nikiuliza kwenye simu, ananijibu kwamba bado anaisubiri ipoteze ule ukali wa ndimu.