Russwurm wa New York na wa Liberia ni yule yule

Salaam mkuu. Umekwama kwa kuwa John Russwurm anatajwa kama mhariri New York, kisha Liberia, ukadhani ni watu wawili. Ni mmoja. Mimi nikikutana na jina lake huangalia mwaka kwanza. Machi 1827 yeye na mchungaji Samuel Cornish walianzisha Freedom's Journal huko New York, gazeti la kwanza kumilikiwa na kuendeshwa na Waamerika weusi. Septemba Cornish akajiondoa. Russwurm alipogeuka kuunga mkono weusi kuhamia Afrika, wasomaji wengi walimjia juu, na kwa kweli siwalaumu. 1829 akaacha gazeti, akaenda Monrovia, Liberia, kuhariri gazeti la Liberia Herald. Cornish akarudi mwaka huohuo na gazeti la The Rights of All, akipinga uhamiaji huo.