Kumpeleka Mtoto Mchanga Mombasa: Joto, Maji na Wageni

Wazazi wengi wanaotoka Nairobi kwenda kumwonyesha nyanya mjukuu wake huhangaikia njia, ilhali treni ya SGR huchukua takribani saa sita tu. Panda na nepi nane, nguo tatu za kubadilisha na leso mbili: moja ya kumtandikia, nyingine ya kujifunika ukinyonyesha. Fika stesheni saa nzima kabla, kwa sababu mizigo hukaguliwa na kuna mwendo wa kutembea. Ukichagua treni ya usiku, utashuka Miritini alfajiri bado mbali, kwa hiyo mtu wa kuwapokea apangwe mapema. Wanaoelekea Ukunda, pwani ya kusini, wanaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu, wasiingie mjini wala feri. Kama lazima uvuke kwa feri ya Likoni ukiwa kwa miguu, epuka asubuhi na jioni, na mtoto umfunge kifuani, usimbebe mgongoni katika msongamano ule.

Ukishafika, ulizia maji kabla hujafungua mkoba. Nyumba nyingi za Mombasa zina kisima, na maji ya visima vingi yana chumvi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini chumvi hubaki pale pale, tena huzidi kidogo maji yakipungua kwa mvuke. Figo za mtoto mchanga haziwezi chumvi hiyo. Kama anatumia maziwa ya kopo, nunua maji ya kunywa yaliyofungwa, uyachemshe, uyaache yapoe kwa muda usiozidi nusu saa, kisha ukoroge yakiwa bado moto wa kutosha kuua vijidudu vilivyomo kwenye unga. Pooza chupa kwenye bakuli la maji baridi na uonje joto kwa kudondosha kwenye kifundo cha mkono. Akibakisha, mwaga, katika joto la pwani maziwa hayawekwi. Anayenyonya tu, chini ya miezi sita, hahitaji maji hata kukiwa na jua kali la kaskazi. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe anywe maji ya kutosha.

Kuanzia Desemba hadi Machi ndipo joto huwa kali zaidi. Kama ni wewe unayechagua tarehe, Julai au Agosti ni afadhali sana. Mtoto alale na nepi na fulana nyepesi basi. Ukitaka kujua kama amepata joto, shika shingo kwa nyuma, usitegemee mikono. Vipele vya joto vikitoka, mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu na umwache mkavu: mafuta mazito huziba vinyweleo, na poda huingia mapafuni. Feni ipulize chumbani, isimlenge usoni. Chandarua chenye dawa ukibebe mwenyewe, ukichomeke chini ya godoro pande zote, kisigusane na ngozi yake, kwani mbu huuma kupitia matundu.

Sasa wageni. Hapa ndipo penye uzito, maana hakuna anayetaka kumvunja moyo mama mzazi aliyengoja miezi kumwona mjukuu. Kumlambisha mtoto asali kabla hajatimiza mwaka ni hatari kwelikweli: asali inaweza kubeba mbegu za bakteria zinazotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto. Moshi wa udi na ubani uchomwe chumba kingine. Anayekohoa asimbusu. Maneno haya yasemwe na mwenye mamake: mume aongee na mama yake, mke na wake, faraghani, kabla wageni hawajaingia. Na usikataze tu. Mpe nyanya kazi ya kumwogesha, kumpembeza, kumwimbia. Atafurahi kuliko ungemwachia kijiko cha asali.

Msizunguke Kisauni, Changamwe na Mji wa Kale kwa siku moja. Daraja la Nyali jioni hujaa magari, na mtoto ndani ya tuktuk hula moshi na joto lote. Ni bora watu waje nyumba moja, tuseme kuanzia saa kumi hadi magharibi, siku mbili katika wiki. Wenye haki ya kutembelewa, kama wazee wasioweza kutoka, waendeeni mmoja kwa siku.

Kitabu cha kliniki kisikose mkobani. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zikiangukia safarini, kliniki ya serikali iliyo karibu itamchanja na kuandika humo. Kipimajoto nacho kiwepo. Mtoto chini ya miezi mitatu akifika nyuzijoto 38, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usimpe dawa ya homa ukangoja kukuche. Aliyezidi miezi mitatu akipata homa pwani, apimwe malaria siku hiyo hiyo. Na mkisharudi Nairobi, msisahau: malaria hujitokeza kwa kawaida kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu. Homa ikija ndani ya mwezi huo, mwambie daktari kabla hajauliza kwamba mtoto alikuwa Mombasa.