Kabla hujawawekea watoto katuni ya Pepé Le Pew

Wapwa zangu wakija likizo tunatazama katuni za zamani, zile za dakika saba hivi zilizokuwa zikionyeshwa kwenye majumba ya sinema kabla ya filamu yenyewe. Iliyozua ubishi kuliko zote ni For Scent-imental Reasons ya Warner Bros., ya mwaka 1949, iliyoongozwa na Chuck Jones. Ilishinda Oscar, na kwa kuchekesha inachekesha kweli. Sikushauri uwafiche wanao. Ila usiwawekee halafu ukaenda zako jikoni.

Kisa kinatokea kwenye duka la manukato, Paris. Pepé, kicheche wa Kimarekani, yule mnyama anayenuka mwenye mstari mweupe mgongoni, tena mwenye lafudhi ya Kifaransa (usiulize kafikaje huko), kaingia anajipulizia marashi. Mwenye duka anamtupa paka jike ndani akamfukuze. Chupa ya rangi ya nywele inamwagikia paka, mgongoni unabaki mstari mweupe, na Pepé anaamini kapata mwenzake. Mbio zinaanzia hapo.

Jaribu kuzima sauti. Mel Blanc, aliyeigiza sauti ya Pepé, ana maneno matamu mno; mtoto humsikiliza yeye akasahau kutazama. Sauti ikizimwa, anayeonekana ni paka: anakimbia roho mkononi, huku Pepé akidundadunda nyuma yake taratibu kama mtu aendaye gengeni. Mpwa wangu aliyekuwa akicheka kuliko wote ndiye aliyeuliza, "Anko, mbona huyu paka anaogopa hivi?"

Kama una vijana, simamisha kwenye kabati la kioo. Paka kajifungia ndani, anaeleza kwa ishara kwamba tatizo ni harufu. Pepé anatoa bastola, anatoka tusipomwona, mlio unasikika kana kwamba kajipiga risasi. Paka anafungua mlango mbio akamwone, na anadakwa. Ni kichekesho kilichopangwa kwa ustadi, lakini binti wa kidato cha pili anaweza kupokea jambo lilelile kwenye simu saa sita usiku: "Usiponijibu utasikia habari zangu." Mimi huwaambia wazi: ujumbe wa namna hiyo usiubebe peke yako wala usimfuate aliyeutuma. Mwamshe mtu mzima, hata kama ni usiku, maana huenda aliyeutuma anahitaji msaada kweli.

Mwishoni wote wawili wanaanguka dirishani. Pepé anatumbukia kwenye rangi ya buluu, paka kwenye pipa la maji, anapata mafua na pua inaziba. Sasa yeye ndiye anayemtaka Pepé, na Pepé anatimua mbio. Wapo wanaosema hapo ngoma imekuwa droo. Mimi sikubali, paka amezibwa pua tu.

Wa chekechea siwawekei hii. Wao nawapa Road Runner, katuni ya ndege mwenye mbio anayefukuzwa na mbweha, ya Jones huyohuyo, iliyoanza mwaka huohuo. Humo anayefukuza anatafuta chakula, na anayeporomoka korongoni ni yeye.