Jicho limegeuka puto, huyu Redon alikuwa mzima kweli?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Juzi nimekutana na picha za bwana mmoja wa Ufaransa anaitwa Odilon Redon, weusi mtupu, vichwa vya watu vinaelea hewani havina mwili, kuna jicho kubwa limekuwa puto linapaa, halafu kuna mmea unaota majini na pale ua linapokaa kuna sura ya mtu ana huzuni hiyo! Usiku sikulala vizuri. Jamaa alikuwa anavuta kitu au? Na mbona zinaitwa chapa wakati zinaonekana kabisa zimechorwa kwa mkono?

JIBU: Pole na usingizi. Naanza na hilo la mwisho maana ndo tamu. Zote mbili ni kweli, zimechorwa kwa mkono NA ni chapa, inaitwa litografia. Unachukua jiwe bapa la chokaa unachora juu yake kwa chaki yenye mafuta, unalilowesha, maji yanakwepa penye mafuta, ukipitisha wino unashika kwenye mchoro tu, basi unalaza karatasi unagandamiza, na unarudia upate nakala nyingine. Redon mara nyingi alianzia kwenye karatasi maalumu kisha mchoro unahamishiwa kwenye jiwe, ujanja aliofundishwa na mchoraji mwenzake Fantin-Latour, halafu anakwangua ule weusi ili mwanga utokee. Ndo maana zile nyuso zinakuwa kama zinachomoza gizani zenyewe. Albamu yake ya kwanza ya chapa hizi, Dans le Rêve, yaani Ndotoni, ni ya 1879.

Sasa kuvuta. Sidhani, mkono ule umetulia mno jamani. Huyu tangu ujana alikuwa na rafiki mtaalamu wa mimea, Clavaud, aliyemzoesha mambo ya hadubini na viumbe vidogo, na mwenyewe alieleza kwamba viumbe vyake visivyowezekana anavipa uhai kwa kufuata sheria za vitu tunavyoviona. Rudi kwenye ule mmea wa 1885, ziba uso kwa kidole uangalie shina tu, mbona ni mmea wa kawaida kabisa? Toa kidole. Hapo ndo anakukamata, ushaliamini shina, uso utaukataaje!

Jicho-puto ni la 1882, na mimi pia lilinisumbua, hasa kile kichwa kinachoning'inia chini yake.

Kwa usingizi wako tafuta ile ya 1890, Les Yeux clos, mtu kafumba macho katulia, wala hatishi mtu.