Mwanangu hatulii, na viboko havijasaidia

SWALI

Habari Mwalimu. Naishi Busia, upande wa Uganda, nauza chai na chapati karibu na foleni ya malori. Mwanangu wa tatu ana miaka tisa, yuko P.3, yaani darasa la tatu. Tangu ajue kutembea hajawahi kutulia. Kalamu hazikai naye, na sweta za shule alizopoteza nimeacha kuzihesabu. Nikimtuma chumvi, baadaye namkuta barabarani anatazama malori, chumvi hana, pesa hana. Darasani anainuka ovyo, anajibu kabla swali halijaisha, na daftari lake lina mistari miwili ya kazi, chini yake ni michoro tu. Mwalimu wake anamchapa karibu kila siku. Baba yake anasema naye alikuwa hivyohivyo na kiboko ndicho kilichomnyoosha. Mama mkwe anataka tumpeleke kwa mganga, kwa sababu mtoto alipokuwa na miaka minne aliugua malaria ya kichwa akapata degedege, na yeye anaamini kuna kitu kilimwingia siku ile. Jirani yangu muuguzi anasema huenda ni ADHD na kwamba dawa ipo, lakini naogopa itamfanya zezeta au mraibu. Kinachonichanganya ni kwamba mtoto huyuhuyu akianza kutengeneza gari la waya, mchana mzima hanyanyuki. Ni ugonjwa au ni jeuri?
Mama K., Busia

JIBU

Pole sana, Mama K. Nimefundisha watoto wenye mahitaji maalumu Tororo na Jinja miaka mingi, na nianze na hilo gari la waya, maana hapo ndipo watu wengi humhukumu mtoto vibaya.

ADHD ni upungufu wa umakini unaoandamana mara nyingi na utukutu uliopita kiasi na papara. Lakini umakini wenyewe mtoto anao. Kinachomshinda ni kuupeleka pale anapotakiwa kuupeleka, hasa kama kazi haina ladha na malipo yake yako mbali. Waya humlipa papo hapo: anakunja, tairi linatokea. Hesabu za ubaoni zitamlipa lini? Mwisho wa muhula, au siku ya PLE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, miaka minne kutoka sasa. Dada yake anaweza kujikaza kwa ajili ya kesho. Yeye kesho haimvuti kwa nguvu hiyo. Ndiyo maana viboko vya jioni kwa kosa la asubuhi havijabadilisha kitu, na havitabadilisha. Kiboko kinafika wakati pale alipokwama palishapita. Mtoto huyu anahitaji kusaidiwa palepale anapokwama, dakika ileile.

Jeuri, basi, hapana. Kama ni ADHD, hilo siwezi kulikata kwa barua, na mtu yeyote asilikate kwa kumtazama tu. Kuna mambo ya kuangaliwa kwanza.

Masikio na macho yapimwe. Nimeona watoto wakichapwa kwa “kutosikia” kumbe usaha wa sikio uliacha madhara. Halafu hilo degedege. Mchunguze: je, kuna nyakati anakodoa macho sekunde chache, unamwita haitiki hata ukimgusa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea? Kipo kifafa cha namna hiyo, hakiangushi mtu chini, na tiba yake ni nyingine kabisa. Na malaria yenyewe usiipuuze. Watafiti waliowafuatilia watoto waliolazwa hospitali ya Mulago, Kampala, kwa malaria ya kichwa walichapisha matokeo yao mwaka 2008: miaka miwili baada ya kupona, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu fulani wa uwezo wa akili, na palipoathirika zaidi ni umakini. Kwa hiyo mama mkwe wako hakukosea kuikumbuka siku ile. Hapo namheshimu. Ila kilichobaki kwa mtoto, kama kipo, ni jeraha la ugonjwa. Kumwombea dua si vibaya. Kumchanja chale, kumfukiza moshi au kumnyima chakula, hilo usilikubali, hata kama utaonekana mkwe mkaidi.

Jambo jingine ambalo huku mpakani halisemwi vya kutosha ni lugha. Kama nyumbani mnaongea Kiswahili na darasani mwalimu anatumia Kiingereza au Kisamia, mtoto asiyefuata somo ataangalia dirishani vilevile. Lakini wako anapotea hata dukani, mahali ambapo lugha anaijua, kwa hiyo sidhani kwamba lugha peke yake ndiyo sababu.

Kipimo cha damu cha ADHD hakuna, wala picha ya kichwa haiwezi kuionyesha. Daktari huuliza maswali mengi, kwako na kwa mwalimu, akitafuta dalili zilizodumu miezi sita au zaidi, zinazoonekana nyumbani na shuleni pia, na zilizoanza kabla ya miaka 12. Ataulizia pia ukoo, kwa sababu hali hii hurithiwa sana. Kauli ya mume wako kwamba naye alikuwa hivyohivyo ina maana kubwa kuliko anavyodhani. Mwambie kwa upole, siku mkiwa wawili, kwamba yeye ndiye anayeweza kumwelewa mtoto huyu kuliko sisi sote. Umuulize: ulipochapwa, ulikuwa unajua kosa lako? Au ulikuwa unashangaa tu umelifanyaje tena? Wanaume wengi niliowauliza swali hilo walikaa kimya kwanza kabla ya kunijibu.

Sasa tuje nyumbani, maana kliniki ni ya mara mojamoja na nyumbani ni kila siku.

Unapomtuma chumvi, usimpigie kelele kutoka jikoni. Mwendee, mshike bega, subiri akutazame, sema jambo moja: “Lete chumvi.” Arudie kwa mdomo wake. Kisha mpe mkononi kopo tupu la chumvi, pesa iwe ndani yake. Malori yatamvuta bado, lakini kila akitazama mkono wake kopo litamkumbusha. Akirudi na chumvi, msifu hapohapo mlangoni, kwa kutaja alichofanya: “Umeenda moja kwa moja na umerudi na chenji.” Usingoje jioni. Na hiyo barabara, Mama K., naiogopa kuliko daftari. Mtoto mwenye papara huingia barabarani kabla ya kutazama. Mtume duka ambalo halihitaji kuvuka, na shuleni aende na mkubwa wake, washikane mikono hadi ng'ambo.

Asubuhi usimwambie “jiandae”. Neno hilo lina kazi sita ndani yake na atapotea kwenye ya pili. Nguo zipangwe usiku kwa mfuatano wa kuvaa, mkoba uwe mlangoni. Adhabu iwepo, lakini iwe ndogo, ije mara moja, iishe mara moja: akimpiga mdogo wake, anakaa pembeni dakika chache, mchezo unaendelea bila yeye. Usimnyang'anye magari ya waya kwa wiki nzima. Ndicho kitu kimoja ambacho kila mtu anaona anakiweza, na anakihitaji.

Shuleni, nenda kwa amani. Fimbo shuleni imekatazwa na Sheria ya Watoto kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, na una haki ya kulisema hilo kwa mwalimu mkuu. Lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni ukimwanza kwa sheria atajifunga. Anza kwa kumwomba mambo matatu. Mtoto akae mbele, mbali na dirisha. Badala ya hesabu kumi, apewe tatu, alete daftari litiwe alama, apewe tatu nyingine. Na anapoanza kuhangaika atumwe kazi halali, kufuta ubao au kugawa madaftari, ainuke kwa ruhusa badala ya kuinuka kwa kosa. Kisha mpe mwalimu kidaftari kidogo chenye malengo mawili tu, kwa mfano “alinyoosha mkono kabla ya kujibu” na “alimaliza zoezi la kwanza”. Mwalimu anatia tiki kabla ya kengele ya kwenda nyumbani. Zikipatikana tiki, jioni ile mtoto anachagua kitu kidogo: chapati ya kwanza kutoka kikaangoni, au muda zaidi wa kucheza. Nimeona kidaftari hicho kikituliza darasa, na kikimtuliza mwalimu pia.

(Na nyinyi wazazi wa mabinti wapole wanaokaa nyuma kimya huku mawazo yako mbali, someni hapa vilevile. Upungufu wa umakini upo hata bila utukutu, na kwa kuwa hawasumbui mtu, hakuna anayewapeleka kokote.)

Kuhusu dawa. Inayotumika zaidi duniani ni methylphenidate. Haimbadilishi mtoto kwa kudumu. Humsaidia kushika umakini kwa saa chache kisha inaisha mwilini. Inaweza kumpunguzia hamu ya kula na usingizi, kumletea maumivu ya tumbo au ya kichwa, ndiyo maana daktari hupima uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu kabla na baada ya kuanza. Mtoto akiwa kama zezeta, kipimo kimezidi au dawa haimfai, na daktari aambiwe upesi. Uraibu? Kwa mtoto anayepewa kipimo chake na mtu mzima, ushahidi hauonyeshi kwamba dawa hii inamsukuma huko. Ila haipatikani kila mahali, na isinunuliwe kienyeji hata kidogo. Mtaalamu ndiye aiandike na ndiye aifuatilie. Usione pia kwamba bila dawa mtoto amepotea. Haya ya nyumbani na shuleni yanafanya kazi, na hata akipewa dawa bado utayahitaji.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu kwa masikio na macho, uombe barua ya rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Mbale ina kitengo cha afya ya akili na kwako ni karibu kuliko Kampala. Ikibidi zaidi, Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala, kuna huduma ya watoto. Jina la Butabika lisikutishe, kwenda kumwona daktari wa watoto hapo si kumwita mwanao kichaa. Beba madaftari yake yenye ile michoro, ripoti za shule za mihula iliyopita, na karatasi za hospitali za ile malaria kama bado unazo. Mwombe mwalimu aandike hata nusu ukurasa wa anachokiona darasani. Na baba yake, kama kazi inamruhusu, aende nawe, maana yale maswali ya utotoni ni yeye atakayeyajibu.