Kengele ya njia ya gari: tatizo si bei, ni mahali unapoifunga

Watu huniuliza wanunue kengele ipi. Mimi nauliza kwanza: kutoka getini hadi mlangoni kwako kuna nini katikati?

Kwetu Tororo, Uganda, kuna migomba. Gari likiingia usiku na mvua inapiga mabati, tunashtukia tu taa dirishani. Ndiyo maana tukafunga kengele isiyo na waya: kihisi kando ya njia, kipokezi sebuleni. Kitu kikipita, kipokezi kinalia. Hakuna mtaro wa kuchimba.

Vihisi vingi vya bei ya kawaida havina kamera. Vinasoma joto. Kinachovishtua ni joto linalohama, mwili wa mtu au injini ya bodaboda inayokatiza mbele yake. Kwa hiyo kifunge ubavuni mwa njia, mgeni akikatize kutoka kushoto kwenda kulia au kinyume chake. Ukikielekeza getini ili watu wakijie usoni, mtu anaweza kusogea karibu kabisa kabla hakijamwona.

Barabara ndiyo adui mkubwa. Ukikiacha kitazame nje ya geti, malori ya kwenda mpakani Malaba yatakiamsha usiku kucha, na haitapita wiki kabla mtu nyumbani hajachomoa kipokezi ili alale. Kigeuzie ndani ya uwanja. Usikitazamishe geti la chuma lililochomwa na jua wala majani yanayopeperushwa na upepo. Hayo nayo ni joto linalobadilika. Na msimu wa jua kali, hewa ya mchana ikikaribia joto la mwili, kihisi kinapungua macho. Umbali uliopima alfajiri usiutegemee saa nane mchana.

Urefu: usawa wa kiuno, kama mita 1, unatosha kwa gari na mtu. Kuku wanapita chini. Mbuzi wa jirani ni kesi nyingine. Kwa hao, bandika kipande cha selotepu nyeusi ya mafundi wa umeme kwenye sehemu ya chini ya lenzi, kisha umtume mtoto atembee pale huku wewe ukisikiliza ndani. Ongeza au punguza mpaka mbuzi apite kimya na mtu alize kengele. Kama unachotaka kujua ni magari tu, kuna aina inayohisi chuma badala ya joto. Ni ghali zaidi, lakini mbuzi hana habari nayo.

Kabla ya kutoboa ukuta, shikilia kihisi kwa mkono mahali unapokitaka na ujaribu. Umbali wa mawasiliano kati ya kihisi na kipokezi ulioandikwa kwenye boksi ni wa uwanja mtupu. Ukuta wa matofali unaula, mabati na geti la chuma ndiyo kabisa. Nguzo ya mti ni bora kuliko ya chuma, na kipokezi kikae karibu na dirisha la upande wa geti, si nyuma ya friji.

Sasa umeme. Nunua kipokezi kinachotumia soketi pamoja na betri, maana giza likiingia mtaa mzima ndipo unapokihitaji zaidi. Ukiletewa seti na ndugu aliyeko Marekani, soma adapta yake: kule umeme ni volti 120, hapa ni 240. Ikiwa haijaandikwa 100-240, usiichomeke hata kwa kujaribu.

Wanaoua vihisi vyetu ni wadudu. Sisimizi wanaingia kwenye tundu la skrubu na kujenga humo, buibui anatanda utando juu ya lenzi, kisha unalaumu dukani. Ziba tundu la nyuma kwa silikoni, ila lile dogo la chini liache, ni la kutolea maji. Futa lenzi kwa kitambaa kikavu kila unapobadilisha betri. Na kama una askari, mwonyeshe kihisi kilipo, la sivyo atakaa mbele yake usiku kucha akinywa chai, na ninyi ndani hamlali.