Zungusha Joka, Kamera Iache

Barua nyingi za safari hii zinahusu visanamu vya ngano: majoka, mazimwi, wachawi wenye mikongojo na mashujaa wa shoka, vile vya milimita 28 au 32 vinavyotiwa rangi kwa mkono, pamoja na ndugu zao wakubwa. Wenye navyo wanataka vionekane pande zote, pichani na kabatini. Tumechagua barua sita za Lamu, Malindi na Watamu.

Assalaam alaikum. Nimepiga picha 36 za zimwi langu nikilizungusha kidogo kidogo, kisha nikaziunga ziwe video. Zimwi linayumba huku na huku, na picha hazifanani: moja ina mwanga, ya pili giza, ya tatu manjano. Nimekosea wapi? – Msomaji wa Mkomani, Lamu

Wa alaikumu salaam. Hayo ni matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake.

Zimwi linayumba kwa sababu kitako chake (kibao cha chini kinacholibeba) hakikukaa katikati ya sahani unayoizungusha. Watu wengi huweka kiwiliwili katikati, lakini zimwi huinama na shoka hutokeza upande mmoja, kwa hiyo jicho linadanganyika. Fuata kitako. Chukua bikari, chora kwenye karatasi duara linalolingana na kitako, na sindano ya bikari iwe juu ya kitovu cha sahani. Bandika karatasi, weka kisanamu ndani ya duara, na ukishikize kwa kipande cha plastisini. Kisha washa mistari ya gridi kwenye kioo cha kamera na uzungushe robo kwa robo. Ukingo wa kitako ukihama kutoka kwenye mstari, sogeza kwa nusu milimita mpaka utulie katika robo zote nne. Sahani yenyewe nayo ipimwe kwa pimamaji. Zile za plastiki za kupambia keki mara nyingi zina mchezo kwenye mhimili, na mchezo huo utauona kwenye video. Sahani yenye beringi za gololi ni bora zaidi.

Usikadirie hatua kwa macho. Sahani ya kipenyo cha sentimita 20 ina mzingo wa sentimita 62.8, na ukiugawa mara 36 kila hatua ni milimita 17.4, yaani nyuzi 10. Zungushia ukingoni utepe wa karatasi uliotiwa alama hizo, na ubandike njiti ya kiberiti mezani iwe mshale. Ukiunga picha 36 kwa mwendo wa picha 12 kwa sekunde, zimwi litamaliza mzunguko kwa sekunde 3. Kama nia yako ni mtazamaji alizungushe kwa kidole, picha 24 za nyuzi 15 zinatosha.

Sasa mwanga. Kamera ikiachwa ijiamulie, mgongo mweusi wa zimwi huifanya iongeze mwanga, na ngao nyeupe huifanya ipunguze. Weka kwenye M (mipangilio ya mkono): ISO, yaani wepesi wa kamera kuona mwanga, iwe 100; tundu la lenzi f/11 (namba ikikua tundu hupungua); na WB, yaani usawa wa weupe, uipime mara moja kwa kadi ya kijivu chini ya taa zile zile utakazotumia, kisha usiiguse tena. Shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, nayo ina siri yake. Stima yetu ni ya hezi 50, kwa hiyo balbu nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila sisi kuona. Ukipiga kwa 1/320 ya sekunde unadaka kipande tu cha pepeso hilo, na kila picha inadaka kipande tofauti. Shuka hadi 1/50 au chini yake. Kwa kasi hiyo lazima kamera iwe kwenye stendi na ipige kwa kipima muda cha sekunde 2. Zima feni pia, maana upepo wake hutikisa karatasi ya nyuma na mabawa membamba.

Umanjano unatokana na kuchanganya taa. Kwa Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, balbu ya sebuleni huwa karibu na 2700, mwanga wa mchana karibu na 5500. Chagua mmoja. Ukichagua balbu, funga madirisha na ununue mbili zinazofanana, za Kelvin 5000 hadi 5500 zenye CRI (kipimo cha uaminifu wa taa kwa rangi) ya 90 au zaidi.

Kuna jambo la kukumbuka kabla hujapiga hata picha ya kwanza. Unapozungusha kisanamu, taa hazizunguki nacho, na kivuli hutambaa mwilini mwake kutoka picha hadi picha. Taa kali ya upande mmoja itafanya zimwi lionekane kama linabadilika sura. Weka taa mbili, kulia na kushoto, nyuzi 45 kutoka kwenye mstari wa kamera, kila moja kiasi cha sentimita 40 kutoka kwa kisanamu. Mbele ya kila taa tundika melimeli nyeupe, sentimita 15 hivi kutoka kwa kisanamu. Kitambaa kikikaribia kisanamu kivuli hulainika, kikikaribia taa hakikusaidii sana na kinaweza kuungua.

Nina joka la resini, urefu wake sentimita 12. Uso hutoka vizuri lakini mkia na bawa la nyuma ni ukungu mtupu. Nimebana tundu hadi f/22 na sasa hata uso hauko sawa. – Mama wa Barani, Malindi

Mama, kubana tundu kunasaidia mpaka mahali fulani tu. Tundu likiwa dogo mno, mwanga unaopita kwenye kingo zake hutawanyika na picha nzima hulegea. Kadiri unavyosogelea kitu ndivyo f/22 yako inavyozidi kuwa ndogo kwa vitendo. Kwa kazi hii baki kati ya f/8 na f/11.

Tazama hesabu yenyewe, kwa kamera ya sensa (sehemu ya ndani inayopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24. Ukisogea mpaka fremu ichukue upana wa milimita 144, joka lako linajaa vizuri, lakini kwa f/8 sehemu iliyo kwenye fokasi ina kina cha milimita 9 au 10 hivi. Joka lenye mkia linaweza kuwa na kina cha milimita 60. Hakuna namna litakaa lote humo.

Njia ya kwanza ni kurudi nyuma. Fremu ikichukua milimita 288, kwa f/11 kina cha fokasi hufika kama milimita 47: si 60 zote, lakini ukungu utabaki kwenye ncha ya mkia tu. Lenga sehemu iliyo theluthi ya kwanza ya joka, si ncha ya pua. Baadaye kata kingo. Kamera ya megapikseli 24 ikikatwa hadi nusu ya upana na nusu ya urefu inabaki na 6, na kwa kioo cha simu au kompyuta hizo ni nyingi. Kwa picha za mzunguko hii ndiyo njia tunayoipendekeza bila kusita.

Njia ya pili ni kuunganisha fokasi, na hiyo iwekee picha kuu moja au mbili. Rudi kwenye fremu ya milimita 144 na f/8. Anza kwa kulenga pua, piga, sogeza fokasi nyuma milimita 7, piga tena, mpaka ncha ya mkia: picha 9 au 10. Hatua ni 7 na si 9 ili kila picha iingiliane na jirani yake, la sivyo utaona mikanda ya ukungu mgongoni. Programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker huchagua sehemu kali za kila picha na kuzishona. Zinapokosea, huwa ni pale pembe au kucha inapopita mbele ya bawa: pembeni yake hutokea utando mweupe, na inabidi uusafishe kwa mkono. Ukitaka kufanya hivyo kwa pembe zote 36 utakuwa na picha zaidi ya 300 za joka moja, na joka likitikisika katikati ya kazi unaanza upya.

Shikamooni wahariri. Mimi ni mwanafunzi, nina simu tu. Nyumba yetu ni ya mawe na ndani ni giza. Nipige wapi? – Msomaji wa Langoni, Lamu

Marahaba, mwanetu. Simu inakufaa, maana sensa yake ndogo hukupa kina kirefu cha fokasi bila hesabu zile za juu. Iweke sentimita 25 hadi 30 kutoka kwa kisanamu na utumie lenzi ya 2x. Usikisogelee kwa lenzi pana, kwa sababu ngumi iliyonyooshwa mbele itaonekana kubwa kuliko kichwa. Bonyeza uso wa kisanamu kwenye kioo na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge. Zima makro (hali ya picha za karibu sana) ya kujiwasha yenyewe, kwani hurukia lenzi nyingine katikati ya mzunguko. Na futa lenzi kwanza: kwetu pwani, jasho la kidole na chumvi ya hewa huacha utando unaofanya kila taa iwe na ukungu.

Mahali unapo pazuri tayari. Kiwanda cha nyumba ya mawe, yaani ua wake wa ndani, kina kuta za chokaa zinazorudisha mwanga mweupe na laini, na mtu wa mji mkubwa hununua vifaa apate mwanga huo. Ubaya wake ni kwamba unashuka kutoka juu, kwa hiyo macho yaliyo chini ya kofia ya chuma huzama kwenye kivuli. Laza karatasi nyeupe mbele ya kitako, ikiinuka kidogo kuelekea kamera lakini nje ya fremu, utaona macho yanafunguka. Au kaa ndani ya mlango, mita moja kutoka uwazini, mwanga ukupate ubavuni.

Ukitumia dirisha, angalia mwezi. Lamu iko nyuzi 2 na kidogo kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwezi Desemba na upande wa kaskazini mwezi Juni. Dirisha la kaskazini basi ni lako Desemba na Januari, la kusini Juni na Julai. Epuka kivuli cha paa la makuti, hutia rangi ya kahawia, na ukuta uliopakwa buluu hutia ubuluu kwenye kila panga.

Mandhari ya nyuma yawe meupe au meusi? – Msomaji wa Watamu

Kijivu cha kati. Nyeupe huifanya kamera ya kujiamulia ipige picha ya giza, nyeusi huififisha rangi kwa mwanga uliozidi na humeza majoho meusi. Ukishikilia nyeupe, ongeza mwanga kwa +0.7 hadi +1.3. Tumia manila moja iliyopinda kutoka mezani hadi ukutani bila kona, na kisanamu kiwe sentimita 20 au 30 mbele ya sehemu inayosimama.

Tuna zidaka (vishubaka vya ukutani) za zamani sebuleni na tumepanga humo visanamu vyetu, vingine vya madini na vya miaka mingi. Wageni wanaona mbele tu, na kila mtu anataka kuvishika. Tufanyeje? – Ndugu wawili wa Mkomani

Zidaka zilijengwa ili chombo kionekane kwa mbele, kwa hiyo mgongo utauonyesha kwa vioo. Mwambie fundi vioo awakatie vipande viwili vya sentimita 10 kwa 15, asugue kingo. Viungeni kwa utepe upande wa nyuma vikutane kwa pembe ya nyuzi 120, mviweke ndani ya kidaka kama kitabu kilichofunguliwa kumwelekea mgeni. Vinachukua upana wa sentimita 17 na kina cha sentimita 5. Kisanamu kikae sentimita 6 mbele ya maungio. Mgeni ataona taswira mbili, moja kila upande, zikionyesha nyuma ya kulia na nyuma ya kushoto. Mkikaza pembe iwe nyuzi 90 mtapata taswira tatu, lakini ile ya katikati hujificha nyuma ya kisanamu chenyewe.

Atakayeshika ashike kitako, si upanga wala bawa. Vumbi litolewe kwa brashi laini ya vipodozi au kipuliza cha mpira. Msipulize kwa mdomo, mate hukauka na kuacha madoa kwenye rangi.

Vile vya madini viangalieni kwa makini. Visanamu vya zamani vingi vina madini ya risasi, na madini hayo huliwa na mvuke wa asidi. Chokaa ya ukutani haina neno. Hatari ni rafu ya MDF (mbao za unga ulioshindiliwa kwa gundi) au silikoni ile inayonuka siki. Mkiona unga mweupe unachomoza chini ya rangi, kitengeni kisanamu hicho, msikipige brashi ndani ya nyumba, na mnawe mikono, kwa sababu unga huo ni sumu. Sumaku za kwenye vitako nazo hupata kutu upesi kwa hewa ya bahari, na kutu ikivimba hupasua kitako. Zipakeni vanishi kabla ya kuzigandisha.

Upanga wa shujaa wangu unang'aa sana kwa mbele. Nikiuzungusha unakuwa wa kijivu, na mng'aro unakaa mahali pasipo na taa. Nibadilishe taa? – Msomaji wa Maweni, Malindi

Taa haina kosa. Upanga huo hauna rangi ya chuma hata kidogo: aliyeupaka amechora mng'aro kwa kijivu, buluu na nyeupe, akiwa amekaa upande mmoja. Mng'aro wa kuchorwa hauhami unapozungusha. Rangi yenye chembe za chuma hufanya kinyume, mng'aro wake hukimbia na taa, na ndiyo inayowaka doa jeupe pichani.

Kwa kisanamu chako, tafuta kwanza upande wa mpakaji. Kizungushe taratibu mbele ya macho mpaka mng'aro wa upanga, wa kofia na wa kinga ya goti ukubaliane kana kwamba taa ni moja. Hapo ndipo nyuzi sifuri. Taa yako kuu iweke upande ule ule alioukusudia mpakaji, kwa kawaida juu kidogo, kulia au kushoto. Picha kubwa chukua hapo na nyuzi 30 kila upande, kamera ikiwa usawa wa kifua cha shujaa. Picha za mgongo piga vile vile, kwa mipangilio ile ile, bila kuongeza taa ya kufufua upanga. Anayetaka kununua au kujifunza anahitaji kuona mahali brashi iliposimama.